Abisko hadi Nikkaluokta kwa miguu, siku 9: nipange vipi ili moyo utulie kweli?

Msafiri_Uppsala

Wakuu, salaam. Nawaomba wanaoijua Kungsleden, ile njia ndefu ya miguu ya kaskazini mwa Sweden. Mpango wangu ni kipande cha juu tu, Abisko mpaka Nikkaluokta, kilomita 105 hivi, kuanzia tarehe 24 Agosti. Nitakuwa peke yangu, nabeba hema, na nina siku 9 kamili.

Vifaa nimeshavisoma sana. Ninachotafuta ni utulivu wa ndani. Kutwa nashinda kwenye simu na barua pepe, usingizi umekuwa wa mang'amung'amu, na hata nikikaa kimya ndani bado kuna kelele. Nikisoma maelezo ya waliopita naona kilomita na gramu, halafu mwishoni mtu anaandika kwamba njia imemtuliza, bila kusema imemtulizaje wala watu hukwama wapi.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Siku nizigawe vipi? Simu niifanyeje? Na la tatu ni swala: mimi ni Mwislamu wa madhehebu ya Shafii, na habari za jua la kule zinanichanganya. Natanguliza shukrani.

BabaNeema_Lulea

Ndugu Msafiri, karibu kaskazini. Nianze na siku, maana hapo ndipo wengi wanapoharibu mapema. Kipande hicho watu humaliza kwa siku 5 au 6, na tiketi ya treni ya kurudi wameshaikata kwa jioni ileile ya kufika. Kuanzia siku ya tatu mtu anatembea huku anapiga hesabu: zimebaki ngapi, nikilala hapa nitawahi basi? Kelele ya ofisini imekwisha, ameingiza kelele nyingine. Hizo siku 9 ulizonazo ni mali, usizifupishe njiani kwa sababu miguu imepata nguvu.

Umbali wa kituo hadi kituo ni huu, kwa makadirio: Abisko mpaka Abiskojaure 15, Abiskojaure mpaka Alesjaure 20, Alesjaure mpaka Tjäktja 13, Tjäktja mpaka Sälka 12, Sälka mpaka Singi 12. Singi unaiacha Kungsleden ikiendelea kusini, wewe unakata mashariki kilomita 14 mpaka kituo cha Kebnekaise, kisha 19 za mwisho mpaka Nikkaluokta.

Hizo 20 za siku ya pili ndizo huvunja watu. Mzigo bado mzito kwa chakula, mabega hayajazoea, na kuna kupanda. Zikate mara mbili: lala kwenye hema katikati, huko juu ukishatoka kwenye miti na kuyaona maziwa. Ila kumbuka Abisko ni hifadhi ya taifa tangu 1909, na ndani ya mipaka yake hema linaruhusiwa sehemu zilizotengwa tu, ikiwemo karibu na kibanda cha Abiskojaure. Ukishavuka mpaka, sheria ya Sweden ya haki ya kila mtu kufika porini inakuruhusu kulala usiku mmoja karibu popote, mradi usiharibu kitu wala kuacha takataka.

Kwa hesabu hiyo umetumia siku 8 za kutembea na umebaki na moja. Usiitumie kabla ya kuvuka upenyo wa Tjäktja (pa kupitia kati ya milima). Hapo ndipo juu kabisa kwa Kungsleden yote, zaidi kidogo ya mita 1,100, na mwisho wa Agosti unaweza kukutana na upepo wa kukuangusha au hata theluji ya ghafla. Mwenye siku ya akiba anakaa kibandani anakunywa chai, kesho anavuka. Asiyekuwa nayo anavuka kwa hofu. Ikibaki, ipumzikie Sälka.

Sasa mwendo. Kilomita 12 zenye mawe na begi la kilo 14 ni saa nne hadi tano pamoja na mapumziko. Ukiondoka saa 3 asubuhi, saa 8 mchana umefika. Saa zinazobaki mpaka giza ndizo ulizoziendea huko, na hapa ndipo watu wanapochoka na ukimya kwa sababu hawana la kufanya.

La kufanya lipo. Vibanda vya chama cha utalii cha Sweden, STF, kwenye njia hii havina umeme wala bomba. Hata mwenye hema, akilipa ada ya siku, anaruhusiwa kuingia jikoni, na kazi ni za wote: kuteka maji, kupasua kuni, kumwaga ndoo ya maji machafu mahali pake. Nenda kwenye banda la kuni. Kuna farasi wa mbao wa kulazia gogo, msumeno wa upinde na shoka. Weka gogo, vuta msumeno kwa urefu wake wote bila kuukandamiza, uache meno yafanye kazi. Ukikandamiza unakwama, na mkono unachoka kwa dakika mbili. Ukiuachia, unga wa mti unashuka mweupe juu ya buti lako kwa mdundo uleule, na baada ya magogo matatu utagundua hukuwa unawaza chochote. Desturi ya hapo ni kuacha kuni nyingi kuliko ulizochoma.

Tegemea pia kwamba siku mbili za mwanzo zitakuwa mbaya kichwani kuliko nyumbani. Mkono utaenda mfukoni kutafuta simu. Nyimbo za matangazo zitajirudia, ugomvi wa miaka kumi utafufuka. Wengi hudhani wameshindwa, wanaweka muziki masikioni, na kile kilichokuwa kinataka kutoka kinarudi chini. Kiache kipite. Kwa watu wengi hupungua kati ya siku ya tatu na ya nne.

Kinachosaidia katika siku hizo mbili ni pumzi na hatua. Tambarare: vuta pumzi hatua 4, toa hatua 6. Mlimani: vuta 2, toa 3. Ukishindwa kuitimiza hesabu, unatembea kasi mno, punguza. Fanya hivyo saa ya kwanza tu ya kila asubuhi, zinazobaki tembea kawaida. Ukifanya kutwa nzima inageuka kazi nyingine ya kukukera.

Na miguu, tafadhali. Mtu mwenye lengelenge hawazi kitu kingine. Ukisikia joto mahali pamoja kwenye kisigino, simama hapohapo, usingoje kituo. Vua, kausha, bandika plasta ya utepe juu ya ngozi ambayo bado ni nzima. Mchana badilisha soksi za sufu, zile za asubuhi zining'inize nje ya begi. Soksi za pamba ziache nyumbani, zikilowa hazikauki.

MwanaKatanga

Msafiri, kuna jambo kwenye kipande hichohicho ambalo watu wetu wengi wanalipita bila kulijua. Abisko hadi Nikkaluokta pia inaitwa njia ya Dag Hammarskjöld, Mswidi aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kuanzia 1953. Sisi wa Katanga jina hilo tumelikuta kwenye historia ya kwetu: usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961 ndege yake ilianguka karibu na Ndola, Zambia ya leo, alipokuwa akienda kuonana na Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga na Kongo, kutafuta namna ya kusimamisha vita. Huyu mtu aliipenda milima hii ya kaskazini, akaitembea kwa miguu, na alikuwa pia kwenye uongozi wa hiyo STF aliyoitaja Baba Neema.

Kandokando ya njia kuna sehemu 7 za kutafakari, na kwenye mawe yamechongwa maneno kutoka daftari lake la kiroho lililochapishwa baada ya kifo chake. Ni miamba ya palepale, haina uzio wala kibao kikubwa, ndiyo maana ni rahisi kuipita. Ulizia Abisko kabla ya kuanza wakuwekee alama kwenye ramani yako.

Namna ya kukaa hapo ni hii. Kwanza vaa koti, kabla hata hujakaa. Umetoka jasho, na kwenye upepo wa huko baada ya dakika tano mwili unapoa, basi utakaa ukiwaza baridi tu. Pili, kalia kipande cha godoro jembamba la povu, jiwe linanyonya joto. Tatu, begi liweke nyuma yako usilione. Kaa dakika 20. Kama Kiswidi chako kinatosha, soma yale maneno mara moja, usiyapige picha mpaka wakati wa kuondoka. Wanaofika na simu mkononi huondoka baada ya dakika mbili, wanakwenda kutafuta la pili, na mwisho wamekusanya mawe saba kama stempu.

Huyu mzee alijua anachofanya kuhusu ukimya. Kule New York, makao makuu ya Umoja wa Mataifa, alisimamia mwenyewe kutengenezwa upya kwa chumba cha kutafakari mwaka 1957: katikati pamewekwa pande moja la mawe ya chuma kutoka Sweden, tani sita na nusu, na mwanga mmoja kutoka juu. Hakuna msalaba, hakuna mwezi, hakuna sanamu. Anayeingia analeta dini yake mwenyewe. Njiani ni vivyo hivyo, dhikiri yako au rozari yako vinakaa vizuri tu kwenye yale mawe.

Simu? Izime, itie chini kabisa ya begi.

Bi_Mwanakombo

Waalaykum salaam kaka Msafiri. La swala acha nilishike mimi.

Jua lisilotua Abisko ni la mwisho wa Mei mpaka katikati ya Julai. Wewe utakuta jua linatua kweli: tarehe 24 Agosti ni kabla kidogo ya saa 3 usiku, na tarehe mosi Septemba ni kama saa 2 na dakika 20. Linawahi zaidi kila siku kwa dakika nne hivi, kwa hiyo ratiba ya siku ya kwanza usiitumie siku ya tisa. Halafu angalia hili: bondeni jua linajificha nyuma ya mlima mapema sana. Huko si kutua. Andika saa kwenye karatasi kabla hujaondoka, ukitegemea macho utasali Magharibi kabla ya wakati wake.

Tatizo linalobaki ni Isha na Alfajiri. Mwisho wa Agosti jua linashuka chini ya upeo nyuzi 11 hadi 13 tu hivi usiku wa manane, giza kamili haliji, na programu za simu zinazotumia nyuzi 18 zinatoa saa za ajabu au hazitoi kabisa. Kwa Isha njia ipo nyepesi: wewe ni msafiri, umetoka Uppsala zaidi ya kilomita elfu moja, unaweza kupunguza swala na kukusanya Isha pamoja na Magharibi kwa kuitanguliza. Ukimaliza unalala, huna la kusubiri. Kwa Alfajiri mwulize imamu wako kabla ya safari ni ratiba ipi msikiti wenu unaifuata, na uishike hiyohiyo mpaka mwisho. Kubadilisha rai kila usiku hemani ni mlango wa wasiwasi, na wewe umekwenda kuukimbia wasiwasi.

Kibla kutoka Abisko ni nyuzi 154 kwa kaskazini halisi, yaani kusini ukiegemea mashariki. Dira ya sumaku huko inapotoka mashariki nyuzi nane hivi, basi kwenye dira tafuta kama 146. Njia nzima haibadiliki kiasi cha kukusumbua.

Udhu: maji yapo kila mahali, kwa hiyo tayamamu ya kukosa maji haipo, lakini maji yenyewe ni ya theluji iliyoyeyuka. Wanaopata shida ni wale wanaovua buti mara tatu mchana kwenye upepo, vidole vinakufa ganzi, kisha wanashindwa kufunga kamba. Tawadha udhu kamili asubuhi kibandani au kwa maji uliyoyapasha, kausha miguu vizuri, vaa soksi na buti ukiwa na udhu. Kama buti ni la ngozi, limefunika vifundo na ni tohara, mchana unapangusa juu yake. Jioni ukilivua, muda wa kupangusa umekatika, unaosha miguu. Msafiri ana ruhusa ya siku tatu na usiku wake, lakini kwa usafi wa miguu yako usilale na buti.

Mkeka si lazima. Lile godoro la povu alilolitaja MwanaKatanga linatosha, lifute upande mmoja uwe wa swala tu.

Na chakula, maana mwenye njaa hana utulivu. Pima gramu 700 hivi kwa siku, vitu vikavu; ninavyotaja hapa ni vya msingi, gramu zinazobaki jazia upendavyo. Asubuhi uji: unga wa lishe gramu 60, maziwa ya unga gramu 30, maji mililita 400, koroga dakika tano. Mchana njugu, tende na zabibu kavu, gramu 150, ukila kidogo kila saa badala ya mlo mmoja. Jioni wali wa kuiva haraka au kuskusi gramu 130 na dagaa wakavu gramu 40. Dagaa wanafaa kuliko makopo, ni wepesi na chumvi wanayo. Wakaange na vitunguu nyumbani wakauke kabisa, funga kwenye mifuko miwili, la sivyo begi zima litanuka mpaka mfuko wa kulalia. Duka dogo lipo Abiskojaure, Alesjaure na Sälka, na kituo cha Kebnekaise. Tjäktja na Singi usitegemee.

Gesi: mtungi wa gramu 230 unamtosha mtu mmoja kama siku 8 kama unachemsha tu, lita mbili kwa siku. Mtu wa ndege asibebe mtungi, anunue hukohuko.

Msafiri_Uppsala

Sina la kuwalipa, Mungu awalipe. Bi Mwanakombo, lile la jua kujificha nyuma ya mlima lingenipoteza kabisa.

Nimebaki na mambo mawili. La kwanza ni usiku: sijawahi kulala porini peke yangu, na nahisi hofu itanikalia kifuani. La pili ni ukungu pale Tjäktja. Na je, niende na unga wa sembe? Bila ugali jioni najihisi sijala.

Fundi_Ramani

Mkuu, naanza na ukungu kwa sababu una majibu mafupi.

Njia ya kiangazi ina alama za rangi nyekundu kwenye mawe na vilundo vya mawe. Njia ya baridi ina nguzo zenye msalaba mwekundu juu. Hizi mbili zinakwenda pamoja sehemu nyingi, kisha zinaachana, na hapo ndipo wageni wanapopotea: msalaba unaonekana kwa mbali kuliko rangi ya kwenye jiwe, mtu anaufuata, anajikuta kwenye kinamasi au ukingoni mwa ziwa, kwa kuwa wakati wa baridi watu hupita juu ya barafu. Ukiona unafuata misalaba na chini ya miguu hakuna mkanyago wa watu, rudi.

Ukungu ukishuka, simama kwenye alama uliyoifikia. Usiiache mpaka uione inayofuata. Usipoiona, kaa dakika 15, vaa nguo zote, kula kitu. Ikiwa bado, rudi kwa alama ulizotoka nazo mpaka kibandani. Juu ya upenyo kuna banda dogo la kujikinga na upepo, ni la kupumzika na la dharura, si la kulala kwa kupenda. Kutoka Alesjaure kwenda juu kuna mawe mengi na mbao zilizotandikwa kwenye majimaji. Mbao zikilowa ni utelezi kama sabuni, kanyaga katikati, hatua fupi, usigeuke ukiwa juu yake. Upande wa kusini wa upenyo mteremko ni mkali, fupisha kamba za begi likae karibu na mgongo kabla ya kushuka.

Siungi mkono simu kuwekwa chini ya begi. Ni kweli mtandao hukatika kilomita chache baada ya Abisko na sehemu kubwa ya njia haupo, lakini simu ya dharura ya 112 inaweza kupita kwenye mtandao wa kampuni yoyote inayofika hapo ulipo. Iweke hali ya ndege, maana ikitafuta mtandao kutwa betri inakwisha, na iweke mfuko wa ndani wa koti, usiku ndani ya mfuko wa kulalia kwa sababu baridi inaua betri. Kinachovuruga moyo ni ujumbe uliouacha bila kujibiwa, chombo chenyewe hakina kosa. Siku mbili kabla ya kuondoka weka jibu la moja kwa moja kwenye barua pepe, na waambie wa nyumbani tarehe moja tu: "Nikikaa kimya mpaka tarehe 3 Septemba jioni, pigeni simu." Mtu aliyeahidi kupiga "nikipata mtandao" anapanda kila kilima akitafuta mtandao. Mwenye uwezo akodi kifaa cha setilaiti chenye kitufe cha dharura.

Kila kibanda kina kitabu cha wageni. Andika jina, tarehe, ulikotoka na unakokwenda hata kama unalala kwenye hema na hulipi kitu. Waokoaji wakikutafuta, hicho ndicho wanachofungua kwanza.

Sasa hofu ya usiku. Usiku wa kwanza lala karibu na kibanda, Abiskojaure, mita mia tu kutoka kwa watu. Wa pili, katikati ya njia, ndio utakuwa peke yako kweli. Piga hema mapema kungali na mwanga, mahali palipoinuka kidogo penye upepo. Mbu na visubi hawaruki vizuri kwenye upepo, na mwisho wa Agosti wamepungua lakini hawajakwisha. Hawana malaria, wana kero tu, wavu wa kichwani unatosha.

Sauti utakazosikia zijue kabla. Kuna ndege wa aina ya kwale, ripa kwa Kiswidi, anayetoa mlio wa haraka unaofanana na mtu anayecheka kwa koo, na anaweza kulia usiku karibu kabisa na hema. Kuna lemingi, panya wafupi wa madoa ya njano na meusi, wanapiga kelele kali kuliko miili yao. Na kuna kulungu wa kaskazini, ren, wanaofugwa na Wasami, wenyeji wa nchi hii. Wakipita karibu utasikia mlio mkavu wa tik tik tik kwenye miguu yao, ni kano zinazoteleza juu ya mfupa wanapotembea. Hawana neno na wewe. Ukikutana nao mchana kaa chini, waache wapite. Kuwatawanya ni kumharibia mtu kazi yake.

Kifua kikibana usiku, pitia mambo manne kwa mpangilio huu kabla ya kuamini kwamba ni hofu: umekula? umekunywa maji? una baridi? umelala saa ngapi jana? Mara nyingi jibu liko hapo. Chemsha maji nusu lita, tia kwenye chupa isiyovuja, iweke tumboni ndani ya mfuko wa kulalia, kula njugu kiganja kimoja. Usiku mmoja mbaya ni wa kawaida. Ukiwa wa pili na wa tatu, ingia ulale kibandani na mwambie msimamizi, wana njia ya kuwasiliana na nje.

Na kama mtu anatumia dawa za usingizi au za msongo, asiziache ili "apone kwa maumbile". Achukue za siku 12, azigawe sehemu mbili tofauti za begi, kila moja kwenye mfuko usioingiza maji. Aliyefiwa karibuni au mwenye huzuni nzito bora aende na mwenzake. Ukimya wa siku tisa unaweza kuifungua huzuni ambayo mtu peke yake hataweza kuifunga.

BabaNeema_Lulea

Fundi kasema kweli kuhusu simu, nami nilifikiri kama MwanaKatanga, sasa nimebadili mawazo hapo.

Naongeza moja la tarehe. Agosti kuna tukio la Fjällräven Classic, watu wengi sana wanatembea njia hiihii kwa pamoja kutoka Nikkaluokta kuja Abisko. Hakikisha tarehe za mwaka wako hazigongani nalo. Ukianza tarehe 24 kwa kawaida limeshapita, na unapata zawadi nyingine: matunda ya buluu ya porini yameiva, unaruhusiwa kuchuma na kula, na majani yanaanza kugeuka njano. Weka nusu saa kila mchana ya kuchuma tu, umepiga magoti. Na Alesjaure na Sälka kuna sauna ya kuni, usiikose kwa aibu. Kuna saa za wanawake, saa za wanaume na saa za mchanganyiko, zimebandikwa ukutani, chagua yako.

Siku ya mwisho, zile 19, watu hukimbia. Mtandao unarudi karibu na Nikkaluokta, na kwa dakika kumi mtu anarudi alikotoka. Kuna boti ziwani inayokata kilomita kama 6, ipande ikiwa goti linauma, la sivyo tembea. Lala Kiruna usiku huo, treni iwe kesho yake. Ukifika piga simu nyumbani, barua pepe zisubiri mpaka umeamka. Ratiba ya basi la Nikkaluokta kwenda Kiruna iangalie mapema, kuelekea Septemba safari zinapungua.

Bi_Mwanakombo

Kaka, la sembe. Inawezekana lakini si kila jioni. Gramu 150 za unga zinataka maji kama mililita 350 na dakika kumi za moto, na sufuria za safari ni nyembamba, chini zinaungua kabla ugali haujaiva, kisha unasugua kwa maji ya baridi gizani. Beba gramu 300 tu, upike mara mbili, Alesjaure na Sälka, kwenye jiko la kibanda ambako sufuria ni nene na gesi ni yao. Mwiko uliopo ni wa mbao, mrefu, unafaa kusongea. Pika mwingi kidogo, mtu wa meza ya pili atakuuliza ni nini.

Msafiri_Uppsala

Nimekata tiketi ya kurudi ya tarehe 2 Septemba, usiku mmoja Kiruna kama mlivyosema. Sembe gramu 300 nimepima.